Dalili za Hitilafu Katika Boksi la Umeme la Nyumbani

Boksi la swichi kuu hupokea umeme wa volti 230 kutoka kwenye mita na kuugawa kwenye njia za taa, soketi na jiko. Kila njia ina breka yake, ambayo hukata umeme mkondo unapozidi kiwango.

Hitilafu nyingi hutoa dalili mapema. Harufu ya plastiki inayoungua, mlio wa cheche, kifuniko chenye joto au weusi karibu na breka huashiria kiungo kilicholegea. Skrubu isiyokazwa vizuri hubana sehemu ndogo tu ya shaba. Ukinzani huongezeka, na joto huyeyusha ganda la waya. Taa za chumba kimoja zikififia huku za kingine zikiwaka kupita kiasi, huenda nyutro imelegea.

Breka inayojikata mara kwa mara inatimiza wajibu wake, na kuweka kubwa zaidi ni kualika moto. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 hulindwa kwa breka ya ampea 6 au 10. Ikiwekwa ya ampea 32, waya unaweza kuungua kabla breka haijakata.

Kifaa cha kukata umeme unaovuja, kwa kawaida cha miliampea 30, kina kitufe cha kujaribia. Kikibonyezwa na umeme usikatike, kifaa ni kibovu.

Kazi ya mwenye nyumba ni kutazama, kunusa na kusikiliza. Kufungua boksi ni kazi ya fundi mwenye leseni, kwani nyaya zinazotoka kwenye mita hubaki na umeme hata swichi kuu ikizimwa.