Safari ya Amiba Hadi Kwenye Ini

Paukwa! Pakawa! Sogeeni, wanangu, niwasimulie habari za kiumbe asiyeonekana kwa macho. Jina lake amiba.

Hutoka katika kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, akaingia kisimani, au akanata kwenye vidole visivyooshwa. Ukimmeza hushuka hadi utumbo mpana. Kwa watu wengi hutulia humo bila kudhuru. Kwa wachache hutoboa ukuta wa utumbo, akaingia kwenye damu, na damu ya utumbo hupitia kwanza kwenye ini, upande wa kulia chini ya mbavu. Huko huua nyama ya ini, pakabaki shimo lenye majimaji mazito ya kahawia. Hilo ndilo jipu la ini. Miaka ya 1880, daktari Kartulis wa Aleksandria, Misri, aliwaona amiba ndani ya majipu hayo kwa hadubini. Bakteria nao huweza kuleta jipu la namna hii.

Jipu la mguuni utaliona. Je, la ini utalijuaje?

Homa hupanda, mwili ukatetemeka kwa baridi, na usiku jasho likalowesha shuka. Chakula hakipiti, mwili unakonda. Ubavu wa kulia unauma, na ukivuta pumzi ndefu au ukikohoa, maumivu yanazidi. Pengine hata bega la kulia linauma! Bega limeingiaje? Juu ya ini upo msuli mpana wa kupumulia. Mishipa yake ya fahamu na ile ya bega huingia kwenye uti wa mgongo mahali pamoja, basi ubongo hudhani bega ndilo lenye shida.

Tena wagonjwa wengi hawaharishi wakati huo, kwa hiyo watu husema, "Ni malaria tu." Malaria ipimwe, ndiyo. Lakini ubavu ukiuma, daktari atalitazama ini kwa mashine ya ultrasaundi. Jipu la amiba hutibiwa kwa dawa, na la bakteria mara nyingi hunyonywa usaha kwa sindano. Jipu likicheleweshwa kutibiwa laweza kupasukia tumboni au kifuani.

Kwa hiyo, wanangu, ukiwa na homa na ubavu wa kulia unauma, mwambie mama au baba siku hiyo hiyo. Na mkifika hospitali usitaje homa ukanyamaza: weka mkono panapouma, umwonyeshe daktari.