Kodi na Mafao ya Mtu Afanyaye Kazi Ng'ambo ya Mpaka

Kongowe ya Kibaha ipo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro, na wakaao huko huona kila siku malori yachukuayo shehena za bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Watu wa Kibaha na Kisarawe nao huifuata njia hiyo kwa ajili ya kazi: mmoja ni dereva, wa pili ni utingo, wa tatu ni fundi mwashi au mwalimu aliyepata kazi Lusaka au Nairobi. Watu hao husumbuliwa na maswali mawili: kodi ilipwe wapi, na mafao ya uzeeni yatatoka wapi? Twapenda kuyaeleza mambo hayo, ili viongozi wa mitaa na waalimu wapate kuwafahamisha wengine.

Kwanza, kodi. Wengi hudhani ya kuwa kodi hufuata uraia. Sivyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huuliza mambo mawili: kazi ilifanyika wapi, na mtu ni mkazi wa wapi. Mshahara wa kazi iliyofanyika Tanzania hutozwa kodi Tanzania, hata kama fedha zililipwa katika nchi nyingine. Na mtu huhesabiwa kuwa mkazi kwa mwaka akiwa na makao ya kudumu hapa, naye alikuwapo nchini japo kwa sehemu ya mwaka huo. Au akikaa nchini jumla ya siku 183 au zaidi. Au akiwapo mwaka huo na miwili iliyotangulia, na siku zake zikizidi wastani wa 122 kwa mwaka. Siku hizo si lazima zifuatane.

Mkazi hutozwa kodi kwa mapato ya hapa na ya ng'ambo pia. Asiye mkazi hutozwa kwa mapato yaliyotoka Tanzania tu. Basi, mtu aliyehamia Nairobi pamoja na jamaa zake, asiye na makao tena hapa, hadaiwi na Tanzania kodi ya mshahara wake wa Nairobi. Lakini kama ana nyumba Kongowe aliyowapangisha watu, pango lake ni pato la Tanzania, na kodi yake hudaiwa hapa.

Je, fedha ile ile hutozwa mara mbili? Sheria imeweka kinga. Tuseme mkazi wa Kongowe alifanya kazi ya muda ng'ambo akapata shilingi 1,000,000, akakatwa huko kodi ya shilingi 200,000. Kama kodi ya Tanzania juu ya mapato hayo ni shilingi 250,000, hulipa zile 50,000 zilizosalia tu. Kama ni shilingi 150,000, halipi kitu, wala harudishiwi zilizozidi. Lakini sharti aonyeshe hati ya kodi aliyolipa. Asiye na hati ni kama asiyelipa.

Zaidi ya hayo, Tanzania ina mapatano ya kuzuia kodi ya mara mbili na Zambia, Afrika ya Kusini, India, Italia, Kanada, Denmark, Finland, Norway na Sweden. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nazo zilitia saini mapatano ya namna hiyo mwaka 2010, lakini miaka mingi ikapita pasipo kupata idhini ya nchi zote. Kwa hiyo afanyaye kazi Kenya au Uganda asidhani kwamba ujirani peke yake wamlinda.

Pili, mafao. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko kodi. Katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yaani NSSF, kila shilingi 100 za mshahara huwekewa shilingi 20, nazo zikatwazo kwa mfanyakazi zisizidi 10. Ili apate pensheni ya kila mwezi, yampasa awe amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Sasa mfikirieni mtu aliyechangia miaka 10 hapa na miaka 7 Kenya. Amefanya kazi miaka 17, lakini kama hapana mapatano ya kuunganisha michango ya mifuko hiyo miwili, hapa huhesabiwa miezi 120 tu. Atapewa malipo ya mkupuo mara moja, wala si pensheni ya kila mwezi.

Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ulioanza tarehe 1 Julai 2010, wampa mfanyakazi ruhusa ya kutafuta kazi katika nchi wanachama. Lakini ruhusa ya kuvuka mpaka ni jambo moja, na kuvusha miezi ya michango ni jambo jingine.

Wazee wetu waliyaona haya. Jumuiya ya kwanza, iliyoundwa mwaka 1967, ilikuwa na mashirika ya reli, bandari, posta na ndege, yenye wafanyakazi wa nchi tatu. Ilipovunjika mwaka 1977, mali na madeni yake yalingoja mpaka mapatano ya mwaka 1984, ambayo kwayo kila nchi ilitwaa wajibu wa kulipa pensheni za raia wake. Hata hivyo wastaafu wa Tanzania walidai miaka mingi, wakaenda mahakamani, na suluhu ya malipo ikafanyika mwaka 2005. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, madai yakabaki mikononi mwa wajane na watoto. Kodi ya watu hao haikungoja. Ilikatwa mwezi kwa mwezi.

Kwa hiyo, aendaye kufanya kazi ng'ambo na ayashike haya. Aandike tarehe za kutoka na kuingia nchini. Atunze mkataba wa kazi, hati za mishahara na hati za kodi. Aombe taarifa ya michango yake kabla ya kuacha kazi, maana kuifuata akiwa mbali ni gharama na taabu. Auulize mfuko wa nchi ile una masharti gani kwa mtu ahamaye, na aiulize NSSF kama aweza kuendelea kuchangia kwa hiari. Kwa habari za kodi aende ofisi ya Mamlaka ya Mapato. Na jamaa zake wajue karatasi hizo zimewekwa wapi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la mtu ni mali yake, nalo likitoka katika nchi mbili, lataka daftari mbili.