Likizo ya Juni: mtoto abaki na nani?

Shule zimefungwa, na huku Geita na Shinyanga kiangazi ndicho msimu wa kazi. Pamba inauzwa, makarasha yanasaga mawe, mama lishe wanadamka kuwasha majiko machimboni. Wadogo wasio na wa kubaki naye wanafuatana na wazazi.

Mzazi huogopa mashimo, na ni kweli yanaua. Lakini ipo hatari nyingine isiyo na rangi wala harufu. Dhahabu iliyoshikwa na zebaki ikichomwa, zebaki hugeuka mvuke, na mtoto anayecheza jirani huuvuta. Hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na anayeumia zaidi ni mtoto anayekua, hata aliye bado tumboni. Anayechomea uani au jikoni ameileta nyumbani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, uchimbaji ukiwamo. Lakini sheria haishiki mkono wa mtoto wa miaka 3 mama akiwa kazini.

Majirani wanne mnaweza kupanga zamu: mmoja abaki na watoto wote, watatu waende, jioni wamchangie aliyebaki. Baba akirudi, aoge na kubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Nguo za machimboni zifuliwe peke yake, kwenye beseni lake. Na zebaki isilale ndani, hata kwenye kichupa kilichofungwa.