Kompyuta nayo ina saa mbili: Namna muda wa mapigo ya ngoma unavyopimwa

MSAFIRI anayevuka daraja la Mto Songwe katika kituo cha mpakani cha Kasumulu, wilayani Kyela, huweza kufika Malawi kabla ya saa aliyoondokea Tanzania.

Akigongewa muhuri upande wa Tanzania saa nne kamili asubuhi na kutumia dakika ishirini kuvuka, saa ya ukutani upande wa pili itamwonyesha saa tatu na dakika ishirini. Tanzania hufuata majira yaliyo saa tatu mbele ya saa ya kimataifa, na Malawi saa mbili. Hata hivyo, hakuna aliyerudishwa nyuma. Dakika ishirini alizotumia msafiri zimepita, na jasho lake ni ushahidi.

Tofauti hiyo kati ya kuuliza "saa ngapi" na kuuliza "muda gani umepita" haiwahusu wasafiri peke yao. Vijana wanaoingia katika kazi ya kurekodi na kuchambua muziki kwa kompyuta hukutana nayo mapema, na ni rahisi kuikosea, hasa wanapotaka kujua jambo linaloonekana jepesi: mpiga ngoma ameacha muda gani kati ya pigo moja na jingine.

Swali hilo si dogo. Katika ngoma nyingi za Afrika Mashariki, za Wanyakyusa wa Kyela na Rungwe zikiwamo, utamu hauko katika mapigo yenyewe tu, bali pia katika namna ngoma moja inavyowahi au kuchelewa kidogo mbele ya nyingine. Kuchelewa huko huwa ni kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Programu za studio zenye uwezo wa kuyanyoosha mapigo ili yafuate mstari wa saa hukufuta kabisa, na kinachobaki ni mdundo mkavu usiomwinua mtu kitini. Anayetaka kukuhifadhi hana budi kukupima kwanza.

Moja ya zana zinazofaa kwa kazi hiyo ni Pure Data, programu inayopatikana bure na inayofanya kazi katika kompyuta za Windows, Macintosh na Linux. Mtungaji wake ni Miller Puckette, Mmarekani ambaye katika miaka ya 1980 akiwa katika taasisi ya IRCAM mjini Paris, Ufaransa, alianzisha programu nyingine iitwayo Max. Jina hilo lilikuwa heshima kwa Max Mathews, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, ambaye mwaka 1957 aliiwezesha kompyuta kutunga sauti kwa tarakimu. Max sasa inauzwa kibiashara. Pure Data, ambayo Puckette aliitoa katika miaka ya 1990 akiwa Chuo Kikuu cha California, San Diego, imebaki huru kwa kila mtu.

Mtumiaji wa programu hizi haandiki mistari mirefu ya maagizo. Huchora visanduku kwenye kioo cha kompyuta, kila kisanduku kikiwa na kazi yake, kisha huviunganisha kwa mistari inayofanana na nyaya za umeme. Kimoja hupokea sauti kutoka maikrofoni, kingine huikuza, kingine huipeleka katika spika. Fundi redio wa zamani aliyezoea kufuata waya kutoka kifaa hadi kifaa hatapotea humo.

Kisanduku cha kupimia muda huitwa "timer". Kina milango miwili ya kuingilia. Ishara ikiingia mlango wa kushoto, hesabu inarudi sifuri na kuanza upya. Ishara ikiingia mlango wa kulia, kisanduku kinatoa jibu: milisekunde kadhaa zimepita tangu kilipoanzishwa. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Msomaji wa Kiswahili anaujua utaratibu huo bila kufundishwa. Saa moja asubuhi, kwa hesabu ya Waswahili, ni kusema kwamba saa moja imepita tangu kupambazuka. Machweo huirudisha hesabu mwanzo. Ni "timer" inayoanzishwa mara mbili kwa siku. Kwa Kyela hesabu hiyo haikai sawa sana, kwani majira ya Tanzania hufuata longitudo ya 45 mashariki wakati wilaya hiyo iko karibu na ya 34, na jua huchelewa kwa zaidi ya dakika arobaini. Kwa wakazi wa Matema huchelewa zaidi, maana ni lazima kwanza livuke Milima ya Livingstone.

Saa isiyotembea

Tatizo linaanzia hapa. Pure Data ina saa mbili ndani yake, kama daraja la Songwe lilivyo na saa mbili katika ncha zake.

Ya kwanza ndiyo inayofuatwa na "timer". Haifuati saa ya ukutani hata kidogo, huhesabu sauti. Kompyuta huigawa sauti katika vipande vidogo viitwavyo sampuli, kwa kawaida 44,100 kwa kila sekunde, na Pure Data huvishughulikia kwa mafungu ya sampuli 64. Kila fungu likikamilika, saa hiyo husogea mbele kwa milisekunde 1.45. Kompyuta ikiwa katikati ya hesabu, haisogei. Mtu akiiamuru kompyuta ifanye hesabu nzito inayoichukua nusu sekunde, kisha akaiuliza "timer" ni muda gani umetumika kwa hesabu hiyo, jibu litakuwa sifuri. Kwa saa hiyo hakuna kilichopita.

Saa ya pili husomwa na kisanduku kingine, "realtime". Hiki hutazama saa ya kompyuta yenyewe, ile inayokwenda iwe kuna sauti au hakuna. Kwa hesabu ile nzito, "realtime" itatoa jibu la kweli.

Anayesoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza huamua haraka kwamba "realtime" ndiyo saa ya kweli, na hivyo ndiyo ya kupimia ngoma. Uamuzi huo ni kosa, na kosa lenyewe ni kubwa.

Sababu ni kwamba sauti haifiki kwenye programu tone kwa tone. Kadi ya sauti huikusanya kwanza, kisha huikabidhi kwa mikupuo. Ni kama meli inayofika bandari ya Kiwira ikitokea Mbamba Bay. Abiria walipanda katika vijiji tofauti kwa saa tofauti, lakini wote wanateremka kwa pamoja. Karani anayetaka kujua nani alipanda lini, akiandika saa ya kuteremka, atawaona wote kana kwamba walipanda kijiji kimoja. Saa ya kweli iko kwenye tiketi.

Ndivyo ilivyo kwa mapigo ya ngoma. Mapigo mawili yaliyopishana kwa milisekunde kumi yanaweza kushughulikiwa na kompyuta kwa kupishana kwa milisekunde moja tu, kwa kuwa yalikuwa katika mkupuo mmoja. "Realtime" itaripoti lini kompyuta ilifanya kazi. "Timer", kwa kuwa huhesabu sampuli, itaripoti mahali pigo lilipokuwa ndani ya sauti. Kwa ufupi, "realtime" humfaa anayetaka kujua kama kompyuta yake inazidiwa, na "timer" humfaa anayetaka kujua mwanamuziki alifanya nini.

Hata "timer" haina usahihi usio na mwisho, ijapokuwa hupenda kutoa tarakimu nyingi baada ya nukta. Kisanduku cha kutambua mapigo kiitwacho "bonk~", ambacho pia ni kazi ya Puckette, hukagua sauti kila baada ya sampuli 128 kisipobadilishwa mpangilio, yaani karibu kila milisekunde 2.9. Tofauti iliyo ndogo kuliko hapo isiaminiwe, hata ikiandikwa kwa tarakimu sita.

Mwangwi wa Matema

Jaribio zuri la kuielewa saa hii linaweza kufanyika katika ufukwe wa Matema, ambako milima huinuka karibu na maji. Mtu akipiga ngoma mara moja kuelekea mlimani, na mwangwi ukarudi baada ya sekunde mbili, ukuta wa mlima uko umbali wa mita 346 hivi, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 346 kwa sekunde katika hewa yenye joto la nyuzi 25, na hapa imekwenda na kurudi. Kosa la milisekunde 2.9 katika kipimo hicho ni sawa na nusu mita ya umbali, jambo lisilomsumbua mtu.

Lakini kama kompyuta ndiyo iliyotoa mlio kwa spika na kisha kuusikiliza mwangwi, hesabu inaharibika. Sauti hucheleweshwa ikitoka na hucheleweshwa tena ikiingia. Kuchelewa kwa milisekunde 50 kwa jumla, ambako si ajabu kwa kompyuta ya kawaida, kunausogeza mlima nyuma kwa zaidi ya mita nane. Dawa yake ni rahisi: pigo na mwangwi vyote visikilizwe na maikrofoni ileile. Kila kimoja kitachelewa sawasawa na mwenzake, na tofauti kati yao itabaki salama.

Kwa wanaokusanya ngoma kutoka vijijini, hatari kubwa zaidi iko katika simu ya mkononi. Picha za video za simu mara nyingi huwa na sauti ya sampuli 48,000 kwa sekunde. Sauti hiyo ikihamishwa katika faili la WAV na kuchezwa ndani ya Pure Data iliyowekwa kwenye 44,100, programu haiisahihishi. Huisoma sampuli kwa sampuli kwa mwendo wake yenyewe. Ngoma iliyopigwa kwa mapigo 120 kwa dakika hushuka hadi 110, na sauti za waimbaji hushuka kwa karibu robo tatu ya toni. "Timer" haitagundua lolote, maana yenyewe huhesabu sampuli zilezile. Ikiwa kipimo hicho ndicho kitakachoandikwa katika kumbukumbu, wajukuu watafundishwa ngoma ambayo babu zao hawakuipiga.

Kosa jingine ni dogo, lakini huwakatisha tamaa wengi wanaoanza. Ili kupata muda kati ya pigo na pigo, kila pigo linapaswa kufanya kazi mbili: kusoma muda uliopita, kisha kuirudisha hesabu sifuri. Zikipinduliwa, jibu huwa sifuri kila mara. Programu haitoi onyo lolote, na katika mchoro nyaya mbili zinazotoka sehemu moja hazionyeshi ipi hutangulia. Kisanduku kiitwacho "trigger" ndicho hupanga zamu, nacho hutuma ishara zake kuanzia kulia kwenda kushoto. Kwa bahati njema, mlango wa kusomea wa "timer" uko upande huohuo wa kulia.

Lipo pia suala la ngoma ya usiku kucha. Katika toleo la kawaida la Pure Data, namba huhifadhiwa kwa nafasi ya biti 32, na namba nzima zikipita 16,777,216 programu huanza kurukaruka, ikishindwa kutofautisha moja na inayofuata. Milisekunde za idadi hiyo ni sawa na saa nne, dakika 39 na sekunde 37. "Timer" iliyoanzishwa saa mbili kamili usiku, wachezaji wakiingia uwanjani, itapoteza usahihi wa milisekunde moja ifikapo saa sita na dakika arobaini usiku, wakati ambao ngoma ndiyo kwanza imekolea. Anayepima kwa kuirudisha sifuri katika kila pigo hatakutana na tatizo hilo. Anayetaka jumla ya usiku mzima ahesabu dakika katika kisanduku kimoja na milisekunde zilizobaki katika kingine.