Potasiamu na Utulivu wa Neva: Funzo kutoka kwa Sumu ya Koboko

Mtu aliyeumwa na koboko wa kijani, nyoka wa mitini apatikanaye katika misitu, miembe na mikorosho ya pwani yetu, huweza kuonesha dalili ya ajabu: misuli yake huchezacheza yenyewe chini ya ngozi. Wengi hudhani ni hofu tu. Kumbe ni dalili ya sumu, na maana yake imo katika utendaji wa seli ya neva.

Seli ya neva iliyotulia huwa na chaji hasi kwa ndani, takribani milivolti 70 chini ya upande wa nje. Hali hii hutokana hasa na potasiamu, ambayo ndani ya seli ni takribani mara 30 zaidi ya ile iliyo nje. Utando wa seli una vinjia vya protini vinavyopitisha potasiamu na kuzuia sodiamu. Potasiamu ichuruzikapo kwenda nje, huondoka na chaji chanya, na ndani hubaki hasi.

Neva inapopeleka taarifa, vinjia vya sodiamu hufunguka kwanza, na chaji chanya huingia kwa kasi. Punde, katika muda wa takribani milisekunde moja, vinjia vya potasiamu navyo hufunguka, potasiamu hutoka, na utulivu hurejea. Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliueleza mfuatano huu mwaka 1952, baada ya kupima neva nene ya ngisi. Kwa ufupi, sodiamu huwasha na potasiamu huzima.

Sumu ya koboko ina dendrotoksini, protini inayoziba baadhi ya vinjia hivyo vya potasiamu. Neva hukawia kuzimika, humwaga asetilikolini kupita kiasi, na msuli huendelea kuamrishwa pasipo sababu. Katika sumu hiyohiyo mna protini nyingine zinazozuia asetilikolini isivunjwe. Na ile ya koboko mweusi huziba pia vipokezi vya msuli. Ndiyo maana kuchezacheza kwaweza kufuatiwa na kupooza, hata kwa misuli ya kupumulia.

Basi mgonjwa asisubirishwe nyumbani mpaka azidiwe. Atulizwe, asitembezwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Asichanjwe, asifungwe kamba ya kuzuia damu, wala muda usipotezwe kwa jiwe la nyoka. Akimbizwe hospitali yenye dawa ya kupambana na sumu na uwezo wa kumsaidia kupumua. Wahudumu nao, waonapo misuli ikichezacheza baada ya mtu kuumwa na nyoka, waanze mara moja kuchunga pumzi yake, hata kama bado anazungumza vizuri.