Lwiro: staji yangu kwa sokomutu

Siku ya kwanza pale Lwiro walinipatia maski, bote na fagio. Mimi nilikuja na daftari na biki mpya. Mwanafunzi wa chuo kikuu anafikiri staji ni kuandika. Kumbe staji inaanza na kufagia mavi ya sokomutu.

Lwiro iko karibu kilomita 45 toka Bukavu, upande wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Kituo cha kutunza sokomutu na kima kilianzishwa mwaka 2002 na ICCN pamoja na CRSN. Leo sokomutu pale wanapita 100. Wengi walinyang'anywa watu wakiwa bado watoto.

Watu wananiuliza: mtoto mmoja wa sokomutu, shida iko wapi? Shida ni kwamba mama sokomutu haachi mtoto wake. Kwa kumushika mdogo, muwindaji anaua kwanza mama, na mara nyingi wengine wanaokuja kumutetea. Na mtoto ananyonya mpaka karibu miaka 5! Yule mdogo niliyemukuta mimi alikuwa na kidonda cha kamba kiunoni. Mama mtunzaji alimubeba kifuani muchana kutwa, na biberoni mukononi. Mimi niliangalia toka mbali tu, sababu mafua ya mtu inaweza kumuua sokomutu. Siku moja nilikohoa. Wakanirudisha nyumbani siku tano.

Ni nyumbani ndiko nilipata mtihani. Baba mudogo alikuwa ametoka kwenye machimbo ya koltani, akaleta nyama ya kukausha ku moto. Kule ndani ng'ombe hafiki. Watu wanakula kile pori inatoa.

– Ni nyama gani hii, baba mudogo?
– Nyama ni nyama. Kula.

Nilimueleza sheria ya mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile, na kwamba sokomutu na gorila ni wanyama wenye kulindwa kabisa. Alinisikiliza vizuri, mpaka mwisho. Kisha akauliza: « Na minerivali yako ya sekondari, unafikiri ilitoka wapi? »

Sikupata jibu. Nilikula fufu na sombe, nyama nikaiacha kwa sahani, na mama alikasirika. Kusema kweli, hata leo sijui ilikuwa nyama gani. Wakati nilikuwa mtoto niliikula bila kuuliza, tena na furaha.

Niliporudi Lwiro, yule mdogo alikuwa ameanza kucheza na wenzake wawili, akirudi kila mara kumushika mama yake wa sasa kwa blusi. Nikachukua fagio yangu.

Wiki ya mwisho, baba mudogo alinipigia simu. Hakuongea juu ya nyama. Aliuliza tu kama kule kwetu wanatafuta mtu wa kazi, na wanalipa ngapi kwa mwezi.