Kabureta ya gari isipande botini

Wiki hii nawaandikia nikiwa bara, mtaa wa Umoja hapa Nairobi, nyumbani kwa binamu yangu. Kilichonileta ni injini ya boti. Kakangu mkubwa ana boti ya kutembeza wageni huko Kilifi, na injini yake ya petroli, V8 ya lita 5.7, imegoma. Ni ya aina ile inayopuliza mafuta kwa nozeli chini ya amri ya kompyuta. Maji ya chumvi yaliingia kwenye kompyuta, nayo ikafa. Alipotajiwa bei ya mpya alinyamaza siku nzima. Watu wakamwambia mafundi wa Eastlands hawashindwi na kitu, basi injini ikapakiwa lorini, nami nikatumwa niisindikize kwa kuwa nina diploma ya mitambo. Mdogo hana la kusema.

Karakana iko Kariobangi Light Industries. Injini ilipotundikwa kwa mnyororo, vijana waliacha kazi zao kuja kuitazama. Fundi aliizunguka mara mbili, akasema, "Mzee, hii ni kazi ya siku mbili. Tunatoa hizi waya zote, tunaweka kabureta."

Hakukosea sana. Bloku yake ni ya General Motors, ile ile iliyotiwa kwenye magari ya Marekani, kisha MerCruiser na Volvo Penta wakaiandaa kwa boti. Kwa miaka mingi iliuzwa na kabureta. Na kabureta ina heri yake: ikiziba ukiwa baharini, nahodha mwenye bisibisi na subira huifungua akaisafisha. Kompyuta ikifa huko huna ila kuita wenzio waje wakuvute. Lakini kabla ya kung'oa kitu, kagua waya wa ardhi na viungio vyote, maana mara nyingi mwuaji ni kutu tu. Sisi tulikagua. Kompyuta ilikuwa maiti kweli.

Mambo ya kubadilisha ni matatu makubwa. Manifoldi ya kuingizia hewa lazima iwe ya kukalia kabureta, na iafikiane na vichwa vya injini: vile vya Vortec, vilivyoanza 1996, hufunga manifoldi kwa bolti 8, vya zamani kwa 12. Pampu ya mafuta nayo haifai, kwani nozeli hutaka mgandamizo wa kama pauni 40 kwa inchi ya mraba, ilhali kabureta hutosheka na 4 hadi 7. Ukiiacha ile ya zamani itaisukuma sindano ya boya na kabureta itafurika. La tatu ni moto wa plagi. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiamua plagi ipige lini, kwa hiyo unahitaji distributa inayojipangia muda yenyewe. Hapo fundi alikuwa mwalimu wangu, nakiri.

Tulipokosana ni alipoleta kabureta yenyewe. Ilikuwa safi, imeoshwa ikang'aa, imetoka kwenye gari. Nikamwambia hii haipandi botini. Akacheka. "Mzee, petroli ni petroli."

Petroli ni petroli, ila gari halina ngama. Kabureta ya gari ikifurika, mafuta humwagikia nje, yakadondoka barabarani na upepo ukachukua mvuke. Ndani ya boti yanateremka ngamani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hulala pale chini ukingoja cheche, na cheche moja ya stata yatosha. Kwa hiyo kabureta ya boti matundu yake ya kupumulia yamegeuzwa ndani, ili ikifurika mafuta yamezwe na injini. Juu yake hukaa kizuia moto cha chuma badala ya kichujio cha karatasi, injini ikikohoa mwali usitoke. Pampu yake ina viwambo viwili, na kimoja kikipasuka mafuta hupitia mpira mwembamba kurudi kwenye kabureta. Stata na alteneta nazo zimefunikwa zisirushe cheche. Zile zetu ni za boti tayari, nikamkataza fundi asizibadilishe na za gari hata kama ni rahisi. Nahodha naye aendeshe feni ya ngamani si chini ya dakika nne kabla ya kuwasha, kisha anuse.

Kuna jingine ambalo fundi hakulifikiria, na mimi mwenyewe lilinijia usiku. Eastlands iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Kilifi. Kabureta haijui hilo kama kompyuta inavyojua. Fundi akiipima hapa ataona mafuta yamezidi, atatia jeti ndogo, na injini itanguruma vizuri mbele ya macho yetu. Ikifika pwani kwenye hewa nzito, mafuta yatapungua, injini itachemka, na bastola zitatoboka wageni wakiwa wamekaa juu yake. Jeti tutazichagua Kilifi, boti ikiwa majini na mzigo wake, tukisoma rangi ya plagi.

Fundi alinielewa kwenye ngama. Kwenye hewa bado anabisha, ila amekubali kufunga manifoldi, pampu na distributa, kabureta ya boti ije baadaye kwa agizo. Kakangu hajakubali lolote. Hupiga simu kila baada ya Isha kuuliza kwa nini kazi ya siku mbili yaingia wiki ya tatu, na jana alisema atamtuma mtu mwingine asiyekuwa na diploma. Injini imefunikwa turubai, vijana huwekea juu yake vikombe vya chai.